Watazamaji Wawili wa Korongo

Siku Emérence alipoingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa michezo wa Chuo cha Cranmere, kule Hayes, alidhani anaingia kanisani. Ilikuwa Jumatano ya Novemba, mvua inapiga kwa ubavu, basi limempita bila kusimama, na zamu yake ya kufua mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege ilikuwa haianzi mpaka saa kumi na moja jioni. Akasikia vishindo na makelele, mtu anapiga yowe kama anatolewa pepo, akajisemea kwamba kumbe hata Hayes kuna ibada za ukombozi za mchana. Akasukuma mlango.

Ndani hapakuwa na mchungaji. Palikuwa na vijana kumi waliovaa kaptura wakinyang'anyana mpira, na palikuwa na joto. Joto la bure, linalomwagika kutoka kwenye hita nne kubwa ukutani, wala hakuna wa kukuuliza umefuata nini. Emérence akakaa, akavua viatu, akaweka soksi zake juu ya bomba la hita.

Mchezo wenyewe hakuuelewa, lakini haikuhitaji elimu kujua nani anapigwa. Waliovaa kijani, wenyeji, walikuwa wakitupa mpira kila mahali isipokuwa kwenye kikapu. Mmoja aliutupa ukagonga ubao, ukamrudia usoni. Emérence hakuweza kujizuia.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha Kongo, "hawa batoto wamelogwa?"

"Hawajalogwa, mama," sauti ikamjibu. "Hawajui hesabu."

Emérence akageuka. Mwisho wa benchi, kwenye kona, alikuwa amekaa mzee wa Kihindi mwenye sweta la kijivu na chupa ya chai mapajani. Ukumbi mzima watazamaji walikuwa hao wawili tu.

"Mpira unataka pembe," mzee akaendelea, kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia Kisumu. "Hawa wanatupa kama wanafukuza kunguru shambani."

Siku hiyo Cranmere walifungwa kwa tofauti ya pointi sitini na moja, na Emérence akapata kikombe cha chai ya tangawizi na rafiki.

Mzee huyo jina lake Kailash. Alikuwa amefundisha hesabu chuoni hapo miaka thelathini, na sasa, mstaafu, kila Jumatano alipanda mabasi mawili kutoka kwake Stanmore kuja kutazama timu ikiaibika. Emérence alipomuuliza sababu, mzee alinyoosha kidole darini. Huko juu, kwenye vumbi, zilining'inia bendera za kijani zenye picha ya ndege korongo, ambaye ndiye jina la timu. Ubingwa wa vyuo vya nchi nzima, mara tano katika miaka kumi, enzi ambazo watu walikuja na mabasi kutoka Birmingham na wengine wakabaki nje wakichungulia madirishani. Kailash ndiye aliyekuwa mezani, mshika saa, kwenye ubingwa huo mara zote tano.

"Bendera naona ine," akasema Emérence.

"Ya tano iliangukia darasa la yoga. Hakuna aliyeirudisha."

Baadaye kocha wa zamani akafariki, wachezaji warefu wakaenda vyuo vingine, ukumbi ukaanza kukodishwa kwa wacheza badminton. Jina la Korongo likabaki kwa wazee wachache, na wazee wachache nao wakaanza kwenda Jumatano kwa daktari badala ya ukumbini. Akabaki Kailash. Kisha wakawa wawili.

Basi walikaa hivyo miaka kumi na miwili. Mtu akikaa miaka kumi na miwili mahali ambapo hamna mwingine anayejua lugha yake, ulimi hulegea. Kailash alilalamika kwa upole, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Emérence alifoka. Aliwaita wachezaji mikia ya mbuzi. Aliwaambia warudi kwa mama zao wakanyonye. Alimwuliza kocha mmoja, Mwingereza mnene aliyedhani anashangiliwa, kama timu yake ilikuwa ya mpira au ya mazishi, na kocha akampungia mkono kwa furaha. Lakini mwiba wake mkali aliuweka akiba kwa refa.

Kulikuwa na refa mmoja aliyeletwa mara nyingi, bwana mwembamba mwenye kipara kilichong'aa chini ya taa. Kila akipuliza filimbi dhidi ya Cranmere, Emérence alisimama.

"Weye! Kichwa kinang'aa nje, ndani giza tupu!"

Au: "Hiyo filimbi walikupa uchunge kondoo, ukaileta huku!"

"Mama, taratibu," Kailash alikuwa akisema, huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

"Nani atanisikia, papa Kailash? Banajua nini, hawa?"

Refa aliandika yake, akaenda zake.

Mabadiliko yalikuja na mwanamke. Chuo kiliajiri kocha mpya aliyeitwa Valeria, mfupi, mwenye sauti ya king'ora, ambaye juma la kwanza aliwafukuza wacheza badminton na juma la pili akawafukuza wachezaji sita. Waliobaki akawakimbiza mpaka wakatapika. Kisha akazunguka London magharibi yote, viwanja vya mitaani na makanisani, akitafuta vijana warefu kama mtu anayetafuta mbao. Katika kanisa moja la Wakongo akamwokota Gires.

Gires alikuwa na miaka kumi na saba na urefu wa kuinama kila mlango. Aliruka kama chui, alikimbia kama amesahau kitu jikoni, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: mitupo huru. Yaani pale mchezaji anaposimama peke yake mbele ya kikapu, hamna anayemzuia, ukumbi kimya, atupe tu. Gires hapo aligeuka mti mkavu. Miguu ikanyooka, mikono ikakakamaa, mpira ukaenda unakotaka.

Katika mechi yake ya tatu alikosa mitupo saba mfululizo. Alipojiandaa kwa wa nane, Emérence alishindwa kuvumilia.

"Pinda magoti, weye! Umemeza ufagio?"

Magoti ya Gires yakapinda yenyewe. Mpira ukatoka mkononi, ukapanda, ukaingia bila kugusa chuma. Kijana akageuka kutazama benchi kwa macho ya mtu aliyefumaniwa.

Kwani Gires alizaliwa hapa hapa London, na ukimwongelesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini mama yake mzazi alikuwa mtu wa Uvira, kule Kongo, na katika nyumba yao Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi moja tu: kukaripiwa. Mwili wake ulishazoea kutii kabla akili haijatafsiri.

Kuanzia hapo Cranmere wakashinda. Wakashinda mara nne, mara saba, mara kumi na moja. Gazeti la mtaa likaandika kwamba Korongo wamerudi. Wanafunzi wakaanza kuja, kisha wazazi, kisha wachezaji wa zamani wenye vitambi, wakijipiga mapaja na kusimulia uongo. Bendera ya tano ikapatikana stoo, ikapigwa pasi, ikapandishwa. Kailash alisimama chini yake muda mrefu, mikono nyuma, akijifanya anakagua taa.

Jumatano moja ya Februari wakafika kama kawaida, wakakuta benchi lao limefungwa utepe mwekundu. Kijana mwenye fulana ya chuo akawaeleza kwa adabu kwamba hapo ni pa wageni mashuhuri, na kwamba siku hizi kuna tiketi, na tiketi zinachukuliwa kwa simu, na za leo zimekwisha.

"Mwambie," Emérence akamwambia Kailash, "sisi tulikuwa hapa bakifungwa sitini na moja!"

Kailash akamwambia. Kijana akasema pole sana.

Wakatazama mechi kupitia kioo cha mlango, wakipokezana, kwa sababu kioo kilikuwa kidogo kama sahani. Juma lililofuata Emérence alimkabidhi kazi binti yake Shekinah, mwenye vidole vyepesi. Shekinah akakaa na simu tangu tiketi zilipofunguliwa; dakika nne, zimekwisha. Akamwambia mama yake, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba ingekuwa rahisi kupata miadi ya daktari wa meno.

"Hivi ndiyo tulikuwa tunaombea bashinde?" Emérence akamwuliza Kailash kwenye kituo cha basi. "Mimi nilizoea kushindwa. Nafasi ilikuwa nyingi."

"Mafanikio yana watu wengi, mama."

"Na wote bamekaa pangu."

Mechi hizo mbili walizokosa kuingia, Gires alikosa mitupo huru kumi na tisa. Ya pili Cranmere waliponea chupuchupu. Valeria, ambaye hakuamini uchawi wala bahati, alimkalisha kijana chini na kumuuliza ana nini. Gires akababaika, akazungusha maneno, mwishowe akakiri kwa aibu: kuna mama mmoja alikuwa anamtukana, sasa hayupo.

Kocha akamtafuta Emérence siku mbili. Alimkuta nyuma ya hoteli, amevaa aproni, anasukuma toroli la mashuka.

"Wewe ndiye yule mwanamke anayepiga kelele?" akamuuliza kwa Kiingereza.

Emérence alijua Kiingereza cha kazini, na katika Kiingereza cha kazini swali kama hilo huwa halina mwisho mwema. "Hapana," akasema. "Mimi mpole sana."

Ilichukua muda kueleweshana. Lakini walipoachana Emérence alikuwa ameahidiwa kitambulisho cha kuvaa shingoni, kilichoandikwa kwamba yeye ni msaidizi wa timu, na kiti kwenye benchi lenyewe, karibu na maji. Alitoa sharti moja. Kwa hiyo vikatengenezwa vitambulisho viwili, na cha Kailash kikasema mtunza takwimu.

Nusu fainali ikachezwa nyumbani Cranmere. Watu mia nne, ngoma, vuvuzela, mtu amevaa vazi la korongo lenye mdomo wa sponji. Kailash alikuja na suti. Emérence alivaa kitenge chake cha Pasaka, kitambulisho kikaning'inia kifuani kama medali, akakaa mwanzo wa benchi, mgongo wima, akipokea salamu za watu asiowajua. Gires alipokwenda kutupa, alimfokea kwa mpangilio, mara mbili mbili kwa kila mtupo, na mipira ikaingia.

Refa alikuwa yule yule wa kipara.

Mwanzoni Emérence alijizuia. Kailash alikuwa amemwonya kwamba mtu wa benchi si sawa na mtazamaji. Hapa maneno yana sheria. Alijizuia robo ya kwanza, akajizuia ya pili, akauma ncha ya kitenge robo ya tatu. Lakini mechi ilikuwa ya kuua. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, Cranmere wako mbele kwa pointi moja, sabini na moja kwa sabini, na Gires kaupata mpira chini ya kikapu, anageuka, anaruka... filimbi. Refa akaashiria kwamba kijana alikaa mno mle ndani. Mpira ukapewa wageni.

Emérence hakujua ameinuka saa ngapi.

"Weye kipara! Macho uliyaacha kwa dobi? Hata popo anaona kukushinda! Kichwa kinang'aa nje, ndani giza tupu, na leo naona hata hilo giza limekata tamaa likahama!"

Refa akasimama. Akaja polepole mpaka mbele ya benchi la Cranmere.

"Mama yangu," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka cha Unguja, kila silabi imepigwa pasi, "miaka minane nakustahamilia. Nilikuwa nikirudi nyumbani namhadithia mke wangu, tunacheka mpaka tunalia. Lakini leo mkaguzi wa waamuzi kakaa pale, na wewe umekaa kwenye benchi la timu. N'fanye nini mie?"

Emérence akakifunika kitambulisho chake kwa kiganja.

Refa, ambaye jina lake lilikuwa Munir, akaunganisha viganja vyake kuwa herufi ya T. Faulo ya kiufundi kwa benchi. Kisha, kwa masikitiko ya kweli, akamwonyesha mama mlango.

Wageni wakatupa mtupo wao mmoja. Ukaingia. Sabini na moja kwa sabini na moja.

Emérence akatoka katikati ya watu mia nne akitazama viatu vyake. Kwenye ushoroba alisimama karibu na mashine ya biskuti, akaegemeza paji la uso kwenye kioo chake. Alikuwa ameiua timu. Amewapa pointi kwa mkono wake mwenyewe, au tuseme kwa mdomo. Akamwomba Mungu ampasulie sakafu.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Akatoka Kailash na suti yake.

"Papa Kailash! Rudi ndani! Ziko sekunde arobaini!"

"Najua ziko ngapi."

"Weye hujawahi kuondoka mechi haijaisha. Hata siku ya homa. Hata siku ile banafungwa mpaka saa ya ukutani ikaharibika."

"Leo nimeondoka." Akakaa kwenye ngazi, akakunja mikono. "Kaa, mama. Usinipotezee muda, nahesabu."

Wakakaa. Sekunde arobaini za kikapu si za saa ya kawaida; zinasimamishwa, zinaanzishwa, watu wanakunywa maji. Wakasikia ngoma, wakasikia ngoma kunyamaza. Wakasikia filimbi. Halafu kimya kirefu.

"Huyo anatupa mtupo huru," akanong'ona Kailash.

"Nani?"

"Kama ni kimya kiasi hiki, ni wetu. Wa kwao tungemzomea."

"Gires!" Emérence akaruka, akaukimbilia mlango ampigie kelele, Kailash akamshika kitenge.

"Wakikusikia watatoa faulo nyingine!"

Hivyo akasimama pale ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, na yale maneno ya kupinda magoti yakimchemka kooni. Kukasikika mlio, paa likataka kuruka. Kimya tena. Mlio mwingine. Kisha kelele moja ndefu isiyo na mwisho.

"Ni ushindi," akasema Kailash.

"Ao moto," akasema Emérence.

Mlango ukabamizwa, akatoka Gires, akagonga kichwa kwenye fremu, asijali, akamnyanyua Emérence juu mpaka kiatu kikamtoka. Alikuwa akiongea Kiingereza kwa kasi, na Kailash alilazimika kukitafsiri kwa vipande. Kijana alichezewa rafu zikiwa zimebaki sekunde tatu. Akapewa mitupo miwili. Akasimama, miguu ikaanza kukauka, akasubiri sauti, sauti haikuja. Basi akajikaripia mwenyewe, kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima. Magoti yakapinda. Wa kwanza ukaingia. Akajitukana tena. Wa pili ukaingia.

"Watu walidhani anasali," akamalizia Kailash, akifuta miwani.

"Alijiambia nini?"

Gires akatazama chini, kisha akasema Kiswahili cha kwanza Emérence kuwahi kukisikia kutoka kinywani mwake. "Pinda magoti, mukia ya mbuzi."

Ukumbi ulipomwagika na kutulia, Munir alitoka na begi begani, kipara kimefunikwa kofia. Alipomwona Emérence bado kakaa kwenye ngazi akasita. Naye Emérence akainuka. Hapakuwa na namna.

"Papa refa," akasema, "munisamehe. Sikujua munasikia."

"Ungejua ungenyamaza?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Ningepunguza."

Munir akacheka mpaka akaweka begi chini. "Ile ya giza kuhama," akasema, "mke wangu ataipenda. Lakini, mama yangu, ile filimbi ya mwisho ilikuwa ya haki. Kijana wako alikaa ndani zaidi ya sekunde tatu."

"Sekunde tatu za nini?"

Kailash akageuka polepole.

"Mama," akasema, "sheria ya sekunde tatu. Mshambuliaji haruhusiwi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa!"

"Na ile ya kupiga filimbi mtu akitembea na mpira?"

"Mama. Miaka yote hii ulikuwa unamtukania nini?"

"Nilikuwa naona sura yako tu, papa Kailash, nikijua tumeonewa."

Mzee wa hesabu akakaa tena kwenye ngazi kama aliyepigwa. Munir akavua kofia, akatoa kalamu, akachora uwanja nyuma ya karatasi ya takwimu, na kwa nusu saa nzima wale wanaume wawili walimfundisha Emérence mchezo aliokuwa ameutazama robo ya umri wake. Alichelewa kazini. Wala hakuona haraka.

Fainali ilichezwa Manchester, na kwa kuwa faulo ile ilimfungia benchi, alikaa jukwaani kwa tiketi, katikati ya wageni, Kailash kando yake. Cranmere walishindwa kwa pointi nne. Gires alicheza vizuri. Wenzao walicheza vizuri zaidi, na sasa Emérence alijua kutofautisha. Filimbi ilipolia aligundua kwamba analia. Alishangaa. Vipigo vyote vile vya miaka, hakuwahi kutoa hata chozi moja.

"Juu ya nini ninalia, papa Kailash? Tulizoea."

Kailash alimpa kitambaa chake, na yeye akajifuta kwa mkono wa sweta. "Wacha tulie kidogo," akasema. "Basi linaondoka saa mbili."

Katika basi wachezaji walikaa vichwa vimeegemea vioo. Walipopita Birmingham, Valeria alikuja nyuma, akamwinamia Emérence. Mazoezi ya msimu mpya, akasema, yanaanza Jumatatu, saa sita mchana. Kuna kijana mpya, mrefu kuliko Gires, na mitupo yake ni msiba mtupu. Hajui Kiswahili, ila anaweza kufundishwa.

"Jumatatu niko na zamu ya mchana," Emérence akamjibu.

Valeria akakaa kiti cha pembeni, akafunga mkanda.

Emérence akatoa simu, akatafuta namba ya msimamizi wake, na akaanza kufikiria ugonjwa wa kusingizia.